Tuwatue Mzigo Wao



Injili ya Marko, sura ya 10, yatuambia kwamba wanafunzi waliwakemea watu waliomletea Yesu watoto, naye akachukizwa. Hakuchukizwa na adui, bali na rafiki zake mwenyewe. Basi na tujiulize: sisi je, hatuwazuii?

Desemba 2011 maji ya Mto Msimbazi yaliingia katika nyumba za Jangwani, yakachukua vyombo na madaftari. Mwenye mali hununua vingine; mtoto wa maskini hubaki mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa haki ya chakula, mavazi, makao, matibabu na elimu, wala haimruhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Mlango u wazi. Lakini njaa yamshika mtoto mkono, yampeleka Kariakoo.

Huko atukuta sisi. Twamtwika kikapu saa za masomo, twampunja ujira kwa kuwa ni mdogo, kisha twasema, Tumemsaidia. Ndugu, huo si msaada. Tumesimama mlangoni pamoja na wanafunzi wale.

Kwa hiyo tumwulize mtoto kwao ni wapi, tukamwendee mzazi wake, si kwa kumkemea, ila kwa unga, na sare, na daftari. Bwana aliwakumbatia watoto. Sisi na tuwatue kwanza mzigo walio nao kichwani. Amina.