Kombine ya mechi nane: mchezo au utumwa?

Katika miji yetu, toka Lubumbashi mpaka Bukavu, vibanda vya kubahatisha mpira vimeenea, na wengine hawahitaji kibanda tena, maana wanacheza katika simu. Wakristu wengi wanauliza: Je, ni zambi? Wamoja wanajibu upesi: «Ni zambi, basi.» Wengine wanajibu: «Si zambi, feza ni yangu.» Majibu haya yote mawili ni mafupi mno. Tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Kwanza, mpira wenyewe ni kitu chema. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, nayo hupata pumziko lake katika mchezo wa kiasi. Wamisionari wetu walijua hayo. Timu ya Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini wa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba Kanisa linachukia mpira.

Pili, hata kubahatisha kwenyewe si kubaya kila mara. Mitume walipotafuta mtu wa kushika mahali pa Yuda, walipiga kura, na kura ikamwangukia Matia. Katekismu ya Kanisa Katolika ya mwaka 1992, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati haipingani na haki kwa tabia yake. Lakini inakuwa mibaya inapomnyima mtu vitu vya lazima kwa maisha yake na ya wale anaowatunza. Tena inatuonya kwamba tamaa ya mchezo inaweza kugeuka utumwa. Kudanganya katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara yake ni ndogo kabisa.

Basi tuipime kombine kwa kipimo hicho. Kombine ni nini? Mtu anachagua mechi nyingi, tuseme nane, na kuziandika katika tiketi moja. Kila mechi ina namba yake ya malipo, na namba hizo zinazidishwa moja kwa nyingine. Kwa hiyo feza kidogo inaahidi feza nyingi. Lakini kuna sharti: zote nane zitimie. Ikianguka moja, tiketi yote imekufa.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina hasira wala upendeleo. Tuseme umechagua timu zenye nguvu, ambazo hushinda mara mbili katika kila mara tatu. Malipo ya haki yangekuwa mara 1,5. Mwenye mchezo analipa mara 1,4, naye anabaki na tofauti, ndiyo faida yake. Ukicheza mechi moja moja, mara 1.000, kwa franka 1.000 kila mara, utatoa franka 1.000.000 na kurudishiwa karibu 933.000. Umepoteza, lakini si sana. Sasa cheza kombine 1.000 za mechi nane. Kila moja ikishinda inalipa karibu franka 14.758, nawe unafurahi kuona namba hiyo. Lakini zitakazoshinda ni karibu 39 tu katika 1.000. Utarudishiwa kama franka 575.000, na 425.000 zimekwenda. Mnaona? Faida ya mwenye mchezo nayo inaongezeka kwa kila mechi. Ndiyo sababu anapenda uongeze mechi, na pengine anakuahidi zawadi ukiongeza.

Mtu atasema: «Mimi ninajua mpira. Sichagui ovyo.» Ndugu, kumbuka mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2010, huko Abu Dhabi. Mazembe yetu ilikutana na Internacional ya Brazil katika kombe la dunia la klabu. Nani, nje ya Congo, aliyeandika jina la Mazembe katika tiketi yake? Ikashinda 2 kwa 0. Mwaka 2022, huko Qatar, Arabia Saudi ikaishinda Argentina 2 kwa 1, na Argentina hiyohiyo ikachukua kombe. Tunaupenda mpira kwa sababu mzaifu anaweza kumwangusha mwenye nguvu. Basi, jambo linalotufurahisha katika uwanja ndilo linaloua tiketi.

Hatukatai kwamba wako wanaoshinda. Mtu aliyeshinda bila hila hakuiba, na feza yake ni halali. Lakini tazameni namna ambavyo kombine inaulea moyo. Mkulima anayelima mistari nane akiharibikiwa na mmoja, atavuna saba. Mwalimu akikosea neno moja, somo lake halipotei lote. Katika kombine, saba za kweli na moja ya uongo ni sawa na bure. Lakini mchezaji hasemi: «Nimepoteza.» Anasema: «Nimekosa moja tu!» Anajiona yuko karibu na mlango, kumbe kesho ataanza tena toka mwanzo, na mlango uko mbali vilevile. Neno hili «moja tu» ndilo mnyororo wa utumwa.

Tuulize sasa: feza hii ni ya nani? Ikiwa ni feza ya soda yako, baada ya chakula, dawa na masomo ya watoto, na ukiipoteza unacheka, huo ni mchezo. Ikiwa ni feza ya masomo ya mtoto, umemnyang'anya mtoto. Ikiwa ni feza ya likelemba uliyowekewa mkononi, umecheza na mali ya wengine. Na hata ukishinda na kuirudisha yote, ulikosa haki siku ile uliyoitoa. Ushindi hausafishi tendo baya. Na ikiwa unamficha bibi yako tiketi, zamiri yako imekwisha kukujibu.

Lakini tusimzarau kijana asiye na kazi. Mara nyingi hachezi kwa uroho. Anacheza kwa sababu haoni mlango mwingine. Tukimwambia «acha» tu, tumemnyima hata ndoto. Tumwalike katika likelemba ya vijana, tumfundishe ufundi, tumpe mkono. Katekista anayehubiri juu ya kombine, wala hajui jina la kijana mmoja anayekaa kibandani, amefanya nusu ya kazi yake.

Na aliyekwisha kufungwa asikate tamaa. Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mchezaji wa kamari, akapoteza karibu yote aliyokuwa nayo. Mwaka 1575 aligeuka, akawa mtumishi wa wagonjwa, akaanzisha shirika lao. Utakatifu wake haukuanzia penye ushindi. Ulianzia mikononi mitupu.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Anayeweza kuacha, aache. Anayecheza, aweke kiasi kabla ya mechi, asirudie ili kukomboa hasara, asikope kamwe, na bibi yake ajue. Asiyeweza kushika hayo manne, ajue kwamba hachezi tena: anachezwa. Amwambie padri wake au rafiki mwaminifu leo, kabla ya mechi za siku ya Mungu kuanza.