Hisani ya Kukataliwa



Jua linapoteremka nyuma ya Mji Mkongwe wa Unguja, Michenzani huamka. Yale maghorofa marefu, ambayo ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, huwatoa watu wake nje: watoto na mpira wao, wazee na kahawa yao, mabinti waliotumwa dukani. Na penye ngazi huketi kijana mmoja wa sura njema. Hatumtaji jina, maana hana jina moja. Yupo Michenzani kama alivyopo Tabora, Mombasa na Bukoba. Shati lake limepigwa pasi, ananukia vizuri, na ulimi wake una asali. Wanawake wote huwaambia neno lile lile, na kila mmoja hudhani limetungwa kwa ajili yake peke yake. Vijana wenzake humwita bingwa.

Tuseme siku moja bingwa huyu akutana na binti asiyecheka mzaha wake. Amsalimu, binti aitika kwa adabu na kupita. Ampelekea zawadi, zawadi yarudi kama ilivyokwenda. Amtuma shoga yake, jibu ni moja: "Kwetu anapajua. Na hata akija, sijasema kwamba nitakubali." Usiku ule bingwa hapati usingizi. Kwa mara ya kwanza ameona kitu chema ambacho hila zake haziwezi kukichukua.

Watu wa mtaani hucheka. Sisi hatucheki, kwa kuwa kijana huyo amefika njia panda, mfano wa zile barabara mbili zinazokatana pale Michenzani. Akitwaa moja, ataongoka. Akitwaa nyingine, hajui mwenyewe itamfikisha wapi.

Tuitazame kwanza njia mbaya, maana Unguja inaijua. Marehemu Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba wimbo uitwao Kijiti, na asili yake ni jambo lililotokea kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alialikwa matembezini kwa maneno matamu na ulevi. Hakurudi akiwa hai. Mwanamume akavuka bahari na kuukwepa mkono wa sheria, na lawama zikawaangukia wanawake. Tangu hapo Wazanzibari wameuimba wimbo ule, na kila auimbaye atoa ushuhuda kwamba asali ya ulimi yaweza kuficha kisu.

Hata wenye mamlaka wameipita njia hiyo. Mwaka 1970 mabinti wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Zanzibar, wala machozi yao hayakusikilizwa. Na huko Kongo, miaka sita kabla, Sista Anuarite Nengapeta wa Shirika la Jamaa Takatifu alichukuliwa na waasi pamoja na masista wenzake kutoka Bafwabaka hadi Isiro. Kanali mmoja alimtaka awe mkewe. Akakataa. Kanali mwingine, Olombe, akajitwika kazi ya kumlainisha. Maneno yalipomwishia, akainua mkono. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 Anuarite aliuawa, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake. Mwaka 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, na siku ile ile, kwa jina la Kanisa zima, alitamka msamaha kwa yule aliyemwua.

Labda utasema, "Padre, mimi si mwuaji. Mimi napenda tu." Basi, ndugu, jipime. Alipokuambia hataki, ulisikia nini moyoni? Ulihuzunika, au ulikasirika kana kwamba umenyang'anywa mali yako? Ulimwombea heri, au ulikwenda barazani kulichafua jina lake? Uliwaahidi rafiki zako kwamba kabla ya mwezi kuandama atakuwa wako? Kama ndivyo, hukumpenda. Ulikuwa mwindaji aliyeudhiwa na windo. Kupenda ni kumtakia mwenzako mema, hata kama mema hayo hayapitii kwako.

Ndiyo maana twasema kwamba binti yule alimtendea kijana hisani. Wengine wote walimwachia aendelee kuwa mtoto. Huyu peke yake alimdai awe mtu mzima. Neno "sitaki" lilikuwa kioo, na bingwa akajiona ndani yake. Akiwa na busara, atashukuru. Atakwenda kitubio. Atawakumbuka wale aliowaacha wakilia, na kama amezaa na mmoja wao, atamlea mtoto wake. Kisha, akitaka kuposa, atapita mlangoni mwa wazazi mchana, na akikataliwa mara ya pili, atarudi kwao kwa amani. Hakuna ahadi kwamba wongofu wake utalipwa kwa arusi. Mtu hatubu ili apewe mke. Hutubu kwa sababu amekosa.

Hapa sharti tuseme jambo moja wazi. Desturi yetu imeutwika usafi wa moyo kichwani pa mwanamke peke yake. Zanzibar ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 ambayo kwayo msichana asiyeolewa, akipata mimba, aliweza kutiwa gerezani. Kifungo hicho kiliondolewa kwa sheria mpya ya mwaka 2005. Lakini mioyoni mwetu sheria ile ingalipo. Tumbo haliwezi kukana, mwanamume huweza. Binti hufukuzwa nyumbani, na aliyempa mimba huketi pale pale penye ngazi, akitafuta mwingine. Na msichana aliyeshikwa kwa nguvu huulizwa, "Ulifuata nini huko?" Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, alifundisha tangu karne ya tano kwamba mwanamke aliyetendwa jeuri bila ridhaa yake hakupoteza usafi wake. Aibu ni ya mtenda jeuri.

Maandiko Matakatifu yametupa mwanamume wa kuiga. Yosefu, mwana wa Yakobo, alipobembelezwa na mke wa bwana wake aliiacha nguo yake mkononi mwa mwanamke na kukimbia. Jirani zetu Waislamu wanamheshimu Yusuf huyo huyo, na habari yake imo katika Kurani. Basi hapo Michenzani, ambapo Mwislamu na Mkristu hupanda ngazi moja, hakuna awezaye kusema kwamba kujizuia ni kazi ya wanawake.

Ninyi wazazi, msimsukume binti yenu kwa mwanamume kwa kuwa ana gari au duka. Kanisa linafundisha kwamba ndoa iliyofungwa kwa kutishwa si ndoa. Akisema hataki, msikilizeni kabla hamjahesabu mahari. Na watoto wenu wa kiume msiwacheke kwa furaha wanapojisifia wasichana, maana bingwa wa ngazini alianza kusifiwa sebuleni kwenu.

Nawe binti uliyekataa, usiogope kuitwa mwenye maringo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akikufuata kwa vitisho, usinyamaze kwa aibu: mwambie mama yako, mwambie padre, nenda polisi. Kumsamehe mtu hakukukatazi kumshtaki.

Kutoka Michenzani hadi Minara Miwili, kanisa kuu letu la Unguja, ni mwendo mfupi wa miguu. Kanisa lile limewekwa chini ya ulinzi wa Yosefu mwingine, seremala wa Nazareti. Alipoona mambo ya mchumba wake asiyoyafahamu, hakumpigia kelele sokoni wala hakumtendea kwa hasira. Alitaka kumhifadhi aibu, kisha akamsikiliza Mungu na kumtunza maisha yake yote. Ewe kijana wa ngazini, jioni moja inuka, jipange nguo zako nzuri, ukavuke barabara hadi kwake. Umwombe akufundishe kumpenda mwanamke bila kumwinda.