Kuku Mgonjwa Ana Haki Gani Kwetu?

Limetufikia suala ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huenda akacheka, lakini akilizingatia ataona kuwa ndani yake mna jambo kubwa. Mama mmoja wa mjini kwetu alipita mahali wanapoteremshwa kuku wa biashara, akamkuta mtetea ametupwa kando ya matenga, mguu umevunjika, ubawa umechubuka hata nyama yaonekana, na watoto wamemtia kamba wanamburura na kumrushia mawe. Akawakataza watoto, akaifungua kamba, akamwuliza mwenye matenga kama kuku ni wake. Yule akajibu kuwa alikuwa wake, lakini sasa hana haja naye, akipenda na amchukue. Mama akamfunika kwa kanga yake, akenda naye nyumbani, akamwuguza kadiri ya wiki sita mpaka akapona.

Jirani zake walinena mengi. Mmoja alimwambia kuwa amekosa kazi. Wa pili alimwambia kuwa hiyo ni israfu, kwani mtama alioupoteza kwa kuku angempa maskini. Wa tatu alimwambia kuwa maadamu amemponya kwa mkono wake, basi hana ruhusa tena ya kumchinja. Mama ametaka kujua: alilolifanya ni thawabu, au ni mchezo, au ni kosa?

Twasema, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, kwamba suala hili lina mafundo matatu, nasi tutayafungua moja baada ya moja. La kwanza, je, kuku mgonjwa ana haki juu yetu, au huruma yetu kwake ni hisani tu? La pili, je, kumtumilia mali ni israfu? La tatu, je, akisha kupona yafaa kumla?

Ama fundo la kwanza, watu wengi hudhani kuwa huruma kwa mnyama ni kama manukato: mwenye kupenda hujipaka, na asiyependa hana lawama. Wanavyuoni wetu hawakusema hivyo. Izz bin Abdissalam, naye ni katika vigogo vya madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), amezihesabu katika kitabu chake Qawaidul Ahkam haki za wanyama juu ya binadamu. Katika haki hizo ametaja kuwa mnyama alishwe chakula kimfaacho, hata kama amekongoka au ameugua kiasi cha kutopatikana tena manufaa yoyote kwake. Na tuangalie vizuri: ameliita jambo hili haki, hakuliita hisani. Na haki haiondoki kwa sababu mwenye haki hana faida nawe.

Pengine mtu atauliza: haki hii imetoka wapi, ilhali kuku hakutukopesha kitu wala hatukuandikiana naye mkataba? Jawabu imo katika ile hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Mtume (s.a.w.) ameeleza kosa lake kwa pande mbili: alimfungia yule paka asimpe chakula, wala asimwache aende akajitafutie wadudu wa ardhini. Yaani lau angalimwacha huru, riziki yake ingalikuwa kwa Mola wake. Lakini alipoufunga mlango alijitwika mwenyewe mzigo ule, kisha akautupa.

Sasa tumtizame kuku. Yeye asili yake ni ndege wa mwituni, huparura majani akala, na usiku hupanda mtini akalala. Sisi ndio tuliomtoa huko tukamtia bandani, na kutoka bandani tukamtia tengani, na kutoka tengani tukamfunga miguu. Kila tulipomwondolea njia moja ya kujitafutia tulijiongezea wajibu mmoja juu ya shingo zetu. Kuku aliyevunjika mguu ndani ya tenga hakuvunjwa na mwewe wala kicheche. Amevunjwa na biashara yetu. Basi itakuwaje tuseme kuwa hana haki kwetu?

Na kama latakiwa tendo la Masahaba katika jambo la kuku khasa, lipo. Imamu Bukhari amepokea kwamba Ibn Umar (Mwenyezi Mungu awe radhi naye na babake) aliingia kwa Yahya bin Said, naye ni mtu wa ukoo wa watawala wa Bani Umayya, akamkuta mmoja wa watoto wake amemfunga kuku anamlenga. Ibn Umar alimwendea yule kuku akamfungua, kisha akaja naye pamoja na yule mtoto kwa wakubwa wake, akawaambia wamkanye, kwa kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akikataza mnyama kufungwa ili auawe kwa kulengwa.

Kisa hiki kina mafunzo kwa mwenye akili. Kwanza, alianza kufungua kamba kabla ya kutoa mawaidha, kwani mwenye kuumia hangoji hotuba iishe. Pili, hakumwacha mtoto akaenda zake, bali alimpeleka kwa wanaomlea, kwa kuwa mtoto hutenda yale ambayo wakubwa wameyanyamazia. Tatu, hakuona haya kuingilia jambo la kuku katika nyumba ya wakubwa. Basi mama yetu huyu alipoifungua ile kamba, alifuata nyayo za Sahaba, ajue au asijue.

Ama fundo la pili, lile la israfu, hebu tulipime kwa insafu. Israfu ni kupita mpaka katika matumizi, si kutumia katika jambo ambalo jirani halipendi. Kuku huyu alikula nini? Konzi ya mtama, makombo ya wali, majani ya mchicha, na maji. Wallahi ni ajabu kuwa mtu hupika sahani tatu za pilau kwa mgeni mmoja, zikamwagwa jaani, asimkumbuke maskini. Lakini konzi ya mtama ikienda kwa kuku, maskini hukumbukwa papo hapo! Sadaka si chungu kimoja, kwamba akichota huyu atakosa yule. Mara nyingi mkono uliozoea kumpa kuku maji ndio huo huo uliozoea kumpelekea jirani mchuzi.

Lakini hatusemi kuwa hakuna mpango katika haki. Ikiwa nyumbani hamna ila chakula cha mtoto, mtoto atangulia, wala hakuna shaka katika hilo. Mafakihi wameeleza kuwa aliyeshindwa kumlisha mnyama wake anayeliwa ana njia zake: amwuze kwa atakayemlisha, au amwache mahali awezapo kujilisha, au amchinje. Njia moja ndiyo hana: kumwacha akonde na kuteseka mbele ya macho yake mpaka afe. Na kuku ambaye jeraha lake halina tamaa ya kupona, anayegugumia usiku na mchana, kumchinja kwa kisu kikali na kwa upole ni ihsani, si ukatili. Na akifa kabla hajachinjwa ni mzoga, afukiwe mbali na watoto na kuku wengine.

Mtu asije akasema kuwa kutibu mnyama ni jambo la kigeni lililoletwa juzi. Lamu iko zahanati ya punda tangu mwaka 1987, na watu huwapeleka punda wao wenye vidonda wakatibiwa, wala hakuna anayecheka, kwa sababu punda huchukua mawe na mchanga. Twauliza: je, haki ya kiumbe ni kwa ukubwa wa mgongo wake? Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umati mfano wetu sisi. Wala hakuwabagua wakubwa na wadogo.

Na kwa kuwa huruma isiyo na ujuzi huweza kuua, yafaa tueleze kidogo namna ya kumwuguza, kwani kujua dawa ni sehemu ya kutimiza haki. Kuku aliyeumia kwanza ahitaji utulivu: atiwe ndani ya kikapu au sanduku lenye kitambaa, mahali penye giza kidogo, mbali na kelele na paka. Joto la mwili wa kuku mzima ni kadiri ya digrii 41, kwa hivyo mgonjwa hupoa upesi na hufa kwa baridi ambayo sisi hatuihisi. Asimiminiwe maji kooni, maana mlango wa pumzi yake uko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo humwua. Atonwe tone tone ubavuni mwa mdomo, ameze mwenyewe. Kidonda kioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kipakwe asali, na kifichwe na nzi wasije wakatia mayai. Mguu uliovunjika unyooshwe taratibu, ufungwe kwa vijiti vyepesi na kitambaa, usikazwe hata damu ikazuilika. Na kadiri ya wiki tatu mfupa huwa umeanza kushika.

Tena asitiwe pamoja na kuku wengine. Kuku wakiona damu hudonoa, na aliye dhaifu hawamwachi mpaka wamwue. Na mgeni huweza kuwa na kideri, nacho kikiingia mtaani humaliza mabanda mazima. Basi atengwe wiki mbili au zaidi. Chanjo ya kideri hutiwa tone moja jichoni kwa kuku wazima, wala haimponyi aliyekwisha kushikwa. Kuwalinda kuku wa jirani pia ni katika haki, kwani si huruma kumwokoa mmoja na kuwaangamiza ishirini.

Ama fundo la tatu, kuku aliyeponywa ni halali kuliwa. Abu Musa Al-Ash'ari ameeleza kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akila nyama ya kuku, na hilo limo katika Sahihi. Kumwuguza hakukuwa ahadi ya kutomchinja milele. Na akiwa alikuwa akila najisi majaani, afungiwe kwanza alishwe chakula kisafi. Imepokewa kuwa Ibn Umar akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Mama huyu akipenda kumchinja, amchinje. Akipenda kumweka atage, amweke. Na akiwa moyo wake wakataa kumla kwa kuwa amemzoea, hapana wa kumlazimisha. Lakini asiseme kuwa kuku huyo ni haramu, kwani kuharimisha si kazi ya nyoyo zetu.

Hapa watu wamekosea kwa njia mbili. Wako waliodhani kuwa maadamu kuku ni chakula, basi ni kama mhogo: hutupwa, hukanyagwa, huning'inizwa. Na wako waliodhani kuwa maadamu wamemhurumia, basi kumchinja ni khiana. Sharia imepita katikati. Imetupa ruhusa ya kuchinja, na ndani ya ruhusa hiyo hiyo ikatuamrisha tunoe kisu na tumpumzishe tunayemchinja. Aliyetuhalalishia nyama ndiye aliyetuharimishia mateso, wala hatuna ruhusa ya kuipokea amri moja na kuirudisha ya pili.

Sasa twende kwenye kiini cha maneno yetu. Binadamu aliyedhulumiwa ana ulimi, ana jamaa, ana kadhi na mahakama. Tukimtendea wema hatujui kama twamwogopa Mola au twamwogopa yeye. Kuku hana hata kimoja katika hivyo. Hatashtaki, hatasimulia, hatashukuru. Basi mtu akiwa peke yake na kiumbe kama huyu ndipo ijulikanapo imani yake ina uzito gani. Na tabia haikai mahali pamoja. Anayesema kuwa kuku asiyetaga hana haki ya maji, kesho atasema kuwa mtumishi aliyezeeka hana haki ya chumba, na kesho kutwa atamwona mamake mzazi kitandani akahesabu gharama. Nao watoto walioachiwa kumburura kuku barabarani ndio watakaotulea sisi tukikongoka.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu. Wenye biashara ya kuku wasiwajaze matengani hata hawawezi kusimama, wasiwasafirishe katika jua la mchana pasi na maji, wala wasiwaning'inize kwa miguu, vichwa chini, katika baiskeli na pikipiki. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, iliyotungwa mwaka 1962, nayo yakataza kumchukua mnyama kwa namna ya kumtesa pasi na haja. Lakini Mwislamu hakungoja mwaka huo ili ajue. Mnunuzi naye asinyamaze kwa sababu ameuziwa rahisi. Baba akimwona mwanawe anampiga kuku mawe, amshike mkono pale pale.

Wahenga wamesema kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi na tuhakikishe kuwa kamba hiyo haikufungwa na sisi. Na tukiikuta imefungwa na mwengine, tuifungue. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kurehemu ili nasi turehemiwe. Wallahu aalam.