Zege Bado Bichi

Ukitoka kituo cha mabasi cha Kencom jijini Nairobi kwenda Hospitali ya Kenyatta, tazama majengo ya Upper Hill. Zege limemwagwa jana. Juu limekauka. Ukiligonga, gumu. Lakini fundi hang'oi nguzo zinazolishikilia. Analimwagia maji, anangoja.

Mshono wa upasuaji ni vivyo hivyo. Juu umefunga, ndani bado. Nawe uliyelazwa wodini unapiga hesabu: bili inapanda, kibanda Kangemi kimefungwa, watoto wako kwa jirani. Unataka kutia sahihi utoke, daktari apende asipende.

Haki hiyo unayo. Wodi si jela. Lakini usaha huweza kuja baadaye. Damu huweza kuganda mguuni kimyakimya.

Basi kabla ya kalamu, uliza. Daktari, unaogopa nini nikitoka leo? Kama ni pesa, sema ni pesa. Mwite afisa wa ustawi wa jamii. Na kama ni lazima utoke, toka na dawa, toka na tarehe ya kurudi, toka ukizijua dalili za hatari. Usitoke kwa hasira tu; hasira haijui kuosha kidonda.

Nawe mwenye mgonjwa wodini, mpigie simu kabla hujaingia kazini. Muulize kama ameuliza.