Nani Aliyepiga: Mkono au Mwenye Mkono?



Kijana mmoja, fundi wa kushona nguo, ambaye kwa muda sasa amekuwa akiyachungua mafundisho ya dini, alinijia na swali ambalo nimeona si vema kulijibu faraghani na kuliacha lipotee. Alisema hivi: "Maalim, juzi nimempiga mwanafunzi wangu wa kazi kwa rula ya mbao, kwa sababu aliharibu kitambaa cha mteja. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Na ikiwa mambo yote yamekwisha andikwa, basi na pigo lile liliandikwa. Sasa kosa langu mimi liko wapi?"

Usidhani kwamba swali hilo ni la kijana huyo peke yake. Lugha yetu yenyewe imejaa maneno ya kuutwika mkono mizigo ya mwenyewe. Mwizi twasema ana mkono mrefu, na bahili twasema ana mkono wa birika, kana kwamba maskini hao walizaliwa na viungo visivyo kama vyetu. Wala mimi siwezi kujitoa. Nilipokuwa mwalimu kijana nilimpiga kofi mtoto mmoja mbele ya wenzake, na nilipoulizwa na mkuu wa shule nikajibu kwamba mkono ulinitoka. Akautazama mkono wangu, akasema, "Naona bado unao."

Basi na tufanye kama wafanyavyo mahakimu: tuuite mkono, tuuhoji. Na kwa kuwa wako unao hapo ulipo, nakuomba ufuatane nami kwa vitendo.

Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Minane ni midogo, imepangwa safu mbili za minne minne, nayo ndiyo inayofanya kifundo. Mitano imo kiganjani. Na 14 ni ya vidole, mitatu kwa kila kidole isipokuwa gumba lenye miwili. Ukiihesabu ya mikono yote miwili utapata 54, hali mwili wote wa mtu mzima una mifupa 206 tu. Zaidi ya robo ya mifupa yetu, basi, imewekwa mahali pa kushikia na kuachia. Mfupa mmoja wa kifundo, ulio chini ya gumba, umechongwa mfano wa tandiko la farasi, na gumba limekaa juu yake kama mpandaji, likiweza kwenda mbele na nyuma na ubavuni, hata likakutana na ncha ya kila kidole kingine. Wazee waliosema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa walisema kweli ya kitabibu bila ya kusomea utabibu.

Sasa tuulize: Ewe mkono, ni wewe uliyepiga? Weka kiganja chako cha kushoto juu ya kigasha cha kulia, yaani ile sehemu iliyo kati ya kifundo na kisugudi, kisha ukunje na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. Wahisi nini? Nyama inacheza mbali kabisa na vidole! Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli hata mmoja wa kuvikunja. Ile midogo imo kiganjani, na ile yenye nguvu imo kigashani, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu, kama vile baharia avutavyo tanga kwa kamba hali yeye ameketi mbali. Kano tisa za kukunjia, pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu, hupita katika njia nyembamba iliyo mbele ya kifundo. Na zinapoingia katika vile vidole vinne, kila kano ya juu hupasuka mapande mawili ili ile ya chini yake ipenye katikati na kufika hadi kwenye ncha. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na kila nifikapo hapo husita kidogo kabla ya kuendelea.

Kidole basi chajitetea: Sikujikunja, nimevutwa. Tukiushika msuli, nao hujibu kwamba umeamriwa. Kwani pasipo amri ya mshipa wa fahamu msuli hulala tu, na yeyote aliyemwuguza mtu aliyepooza anaijua habari hiyo. Mishipa hiyo ya fahamu hutoka katika uti wa mgongo hapo shingoni, na amri husafiri ndani yake kwa mwendo wa kiasi cha mita 50 au zaidi kwa sekunde. Uti nao huelekeza ubongoni, ambako upande wa kushoto ndio unaoutawala mkono wa kulia. Kila tunayemkamata anatuonyesha aliye nyuma yake, na mjumbe hauawi.

Kweli yako matendo ya mkono ambayo safari yake haianzii huko juu. Ukigusa sufuria ya moto, uti wa mgongo huuondoa mkono kabla hujayatambua maumivu. Mtoto mchanga, ukimgusa kiganja, hukishika kidole chako kwa nguvu ya kustaajabisha, wala hajui kukiachia. Ushikaji huo aliozaliwa nao hutoweka baada ya miezi kadhaa, na kuachia kwa hiari hujifunza karibu na mwisho wa mwaka wake wa kwanza. Hapana mwenye akili amlaumuye mtoto huyo kwa kuuvuta ushungi wa mama yake. Lau pigo la fundi wetu lingekuwa la namna hiyo, ningemwambia aende zake kwa amani.

Lakini wako watu wanaodai kwamba matendo yetu yote ni ya namna hiyo, nao wana hoja ambayo haifai kuifunikafunika. Mwaka 1983 mtaalamu Benjamin Libet, wa San Francisco huko Marekani, alitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa hasa kwa kifundo cha mkono. Watu waliketi wakitazama nukta ikizunguka kama mshale wa saa, wakaambiwa wakunje kifundo au vidole ghafula, wakati wowote watakapojisikia kufanya hivyo, na waangalie nukta ilikuwa wapi walipoihisi nia. Vyombo vilipima umeme wa ubongo na wa msuli. Ikaonekana kwamba ubongo ulianza kujitayarisha kiasi cha nusu sekunde kabla ya mkono kwenda, hali mtu mwenyewe aliihisi nia yake kiasi cha moja ya tano ya sekunde tu kabla ya tendo. Yaani ubongo ulitangulia, nia ikafuata! Wengi walishangilia wakisema kwamba hiari ya mwanadamu imekwisha zikwa.

Hatuna haja ya kuwakasirikia wataalamu hao. Tuwaulize tu walichopima. Libet mwenyewe hakukubali kwamba hiari imekufa. Alisema kwamba baada ya nia kuhisiwa hubakia muda mfupi ambao mtu aweza kulizuia tendo lisitoke. Na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba umeme ule wa kutangulia huenda si amri iliyokwisha katwa, bali ni mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka, hata yakafika kimo cha kuuchochea mkono. Mjadala huo bado haujafungwa. Nami naongeza hili kwa fikira yangu ndogo: watu wale walikwisha amua kukunja kifundo tangu walipokubali kuketi katika viti vile. Kilichobaki kilikuwa ni lini tu, na katika "lini" ile hapakuwa na jema wala baya.

Pigo la fundi wetu lilikuwa kitu kingine. Tulitazame polepole. Kwanza jicho lilitafuta rula. Kisha kiganja kikafunguka kwa kadiri ya upana wake, vidole vinne vikaizunguka kwa upande huu na gumba likaifunga kwa upande ule. Kisha kifundo kikajipinda nyuma kidogo, kwani mkono hushika kwa nguvu zaidi kifundo kikiwa hivyo. (Jaribu mwenyewe: kunja kifundo chako mbele kabisa, kisha ukaze ngumi, utaona nguvu imekutoka.) Kisha kigasha kikageuka, mfupa wa upande wa gumba ukimzunguka mwenzake, na mkono ukapanda juu ya bega. Hesabu vituo hivyo, ndugu yangu. Katika kila kimoja palikuwa na njia ya kurudi. Hasira ilikuwa ya ghafula, sibishani naye. Lakini mkono haukuwa wa ghafula kama anavyosema.

Na habari ya kuandikiwa je? Hapa napenda ufanye jaribio moja zaidi. Laza kiganja juu ya meza, ukikunje kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vikiwa vimenyooka. Inua gumba, linainuka. Inua cha shahada. Kinainuka, na hata kile kidogo cha mwisho. Sasa inua cha pete. Hakiinuki! Jitahidi upendavyo, kimekaa kama kilichogundishwa, kwa sababu kano zinazovinyoosha vidole zimefungamanishwa mgongoni mwa mkono kwa vifungo vidogo. Hiyo ndiyo kadari kama ninavyoifahamu mimi. Neno lenyewe katika Kiarabu lina maana ya kipimo. Umepimiwa kwamba kidole hiki hakitainuka katika hali hii, na kwamba vidole vyako hukunjamana kuelekea kiganjani wala si kinyume chake. Hutaulizwa kwa hayo, kama vile aliyepooza hataulizwa kwa nini hakuunyoosha mkono kutoa. Lakini ndani ya mipaka hiyo umeachiwa uwanja mpana, na humo hukuandikiwa kushika rula ya kupigia badala ya rula ya kupimia.

Utaniambia: Mbona basi Kurani Tukufu inataja mikono siku ya hukumu? Naam, katika Sura Yasin imetajwa kwamba itasema. Lakini angalia itasimamishwa mahali gani. Itasimama kama shahidi! Na shahidi siye mshitakiwa. Ushahidi wa mkono hata hapa duniani tumekwisha kuuona. Mwaka 2009 shirika la mpira la FIFA lilianza kuwapiga picha za kifundo cha mkono vijana wa mashindano ya chini ya miaka 17 yaliyofanyika Nigeria, kwa sababu ncha za mifupa ya kigasha, hapo kifundoni, hazifungamani kabisa mpaka mtu anapokaribia utu uzima. Cheti huweza kudanganya umri, ulimi nao huapa, na mfupa usio na ulimi ukamsema mwenyewe.

Nilimweleza kijana haya yote kwa kirefu kuliko nilivyoyaandika hapa, naye akalifanya lile jaribio la kidole cha pete juu ya meza yangu, akacheka. Kisha akanyamaza. Akaniuliza kama yafaa fundi kumwomba radhi mwanafunzi wake, na kama hatajivunjia heshima karakanani. Nikamjibu kwamba mtoto yule niliyempiga kofi sikumwomba radhi, na kwamba sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Tukikutana sokoni hunipa mkono kwa heshima zote, nami ndimi ninayetangulia kuuachia.