Kioo na Shahidi Wake

Tuseme mtu wa Muheza ana darubini ambayo kioo chake kimevunjika, naye ameazimia kujisagia kingine nyumbani. Je, ataitwa fundi kwa sababu ya wepesi wa mikono yake, au kwa sababu ya jambo jingine?

Kazi yenyewe si siri. Huchukuliwa vioo viwili vinene vya duara, vya upana sawa. Kati yao hutiwa unga mkali na maji, kimoja kikasuguliwa juu ya kingine. Cha juu hubonyea, cha chini huvimba. Unga hubadilishwa kwa ulio laini zaidi, na mwisho kioo hung'arishwa juu ya lami. William Herschel, mwanamuziki wa Bath, Uingereza, alijisugulia vioo vya madini nyumbani kwake, na kwa kimojawapo akaiona sayari ya Uranus mwaka 1781.

Ugumu uko katika kipimo. Kosa la uso wa kioo halipasi kuzidi kama sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Jicho halilioni, wala kidole hakiligusi. Kinyozi hajinyoi, fundi hana budi kuita shahidi. Mfaransa Léon Foucault alionyesha njia katika miaka ya 1850: nuru ya taa hupitishwa katika tundu dogo, ikapiga kioo na kurudi, wembe ukiikata pale inapokusanyika, vilima na mabonde ya kioo hudhihirika kwa vivuli. Kibatari, kopo lililotobolewa kwa sindano, na wembe vyaweza kutosha.

Darubini ya Hubble ilirushwa angani mwaka 1990. Kioo chake, cha upana wa mita 2.4, kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwa umbo lenye kosa, kwa kuwa chombo kikuu cha kukipimia kiliunganishwa vibaya. Vipimo vingine, vya daraja la chini, vilikuwa vimelionyesha kosa hilo, havikusadikiwa. Ilibidi wanaanga waifuate huko juu mwaka 1993 na kuitilia vioo vya kusahihisha nuru. Ustadi usiokubali kusahihishwa ulikuwa umelikamilisha kosa badala ya kuliondoa.

Basi mtu wetu wa Muheza atakapokiona kivuli usiku, baada ya wiki nyingi za kusugua, atakuwa peke yake na wembe wake. Aweza kuridhika, nyota zikififia, atasingizia ukungu wa Usambara, na majirani watamsadiki. Au aweza kurudi kwenye unga na maji. Akirudi, na aitwe fundi.