Kurudisha Mwaka Nyuma

Nokia E63 ikikataa programu haikwambii kwamba programu hiyo ni mbaya. Inakwambia cheti chake kimekwisha muda, halafu inanyamaza. Mimi ni fundi simu hapa Cheyo, Tabora, na bado napokea simu za namna hiyo: E63, E71, N73, simu za watu walioziona za kioo na wakaamua kubaki na batani zao. Wengi wao wananiletea kwa ajili ya Bluetooth. Ile iliyokuja na simu inarusha faili na kupokea faili, basi. Wao wanataka programu ya ziada, ile inayofungua mafolda ya simu ya pili ili mtu achague mwenyewe anachokitaka: mawaidha, kaswida, picha za harusi ya mjukuu. Wengine wanayo tayari lakini imeharibika, inabidi niing'oe na kuweka toleo jingine. Faili ninalo. Naliingiza, simu inakataa.

Dawa yake kila fundi wa zama zile anaijua. Unafungua saa ya simu, unaurudisha mwaka nyuma, tuseme 2009, unaingiza programu, simu inaipokea bila neno, kisha unaurudisha mwaka wa leo mahali pake. Programu itafanya kazi kama kawaida, maana simu hukagua cheti wakati wa kuingiza tu.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli na muridi wa tarika ya Kadiria, alikuwa amekaa kwenye benchi langu akiitazama E63 yake mikononi mwangu.

"Umefanya nini hapo, mwanangu?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo umeidanganya."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Umeiambia leo ni elfu mbili na tisa. Leo si elfu mbili na tisa. Nakuuliza kwa uzima, huo si uongo?"

Nilidhani ni swali la kupitishia muda huku betri ikichaji. Chuoni tulifundishwa kwamba uongo umeruhusiwa mahali patatu: vitani, katika kupatanisha waliogombana, na baina ya mume na mkewe. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya Umm Kulthum binti Uqba, na kila mwanamume ninayemjua anaikumbuka zaidi ile sehemu ya tatu. Simu haimo.

Nina mteja mwingine, frateri wa Seminari Kuu ya Kipalapala, ambaye kitochi chake hakikai na chaji. Nilimpa swali la mzee. Wakatoliki wana Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliyeandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, cha kwanza mnamo mwaka 395 na cha pili mnamo 420. Agostino ni mkali. Hata kwa kuokoa roho ya mtu hakuuruhusu uongo. Lakini, akanieleza frateri, anaupima kwa nia ya kudanganya: mtu ana hili moyoni, anatamka lile, akitaka mwenzake aamini lisilokuwepo. Mzaha hakuuhesabu. "Sasa fundi, hapo nani ameamini? Simu ina moyo wa kuamini?" Nikamwambia haina, ina saa. "Basi umegeuza saa," akasema, akachukua kitochi chake akaenda zake.

Jibu hilo lilinipendeza, kisha likaanza kunikera kwa wepesi wake. Kufuli nalo halina moyo. Anayelifungua kwa ufunguo wa kuchonga hakulidanganya kufuli, na bado hatumwiti mwaminifu.

Nilipomfikishia mzee maneno ya frateri, alinipeleka kwenye sura ya saba, Al-Aaraf, kwa watu wa mji ulio kando ya bahari walioharamishiwa kuvua Jumamosi. Samaki wakawa wanakuja wazi wazi siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanaeleza kwamba wenyeji walitega mitego Ijumaa na kuitoa Jumapili, mikono yao ikiwa mikavu Jumamosi nzima.

"Walimdanganya nani?" mzee akauliza. "Samaki? Hawakutamka neno moja la uongo. Walicheza na siku, kama wewe unavyocheza na mwaka."

Na kilichowapata kila mtoto wa chuoni anakijua. Kumbe tangu mwanzo swali lake lilihusu hila, kuizunguka amri bila kuivunja waziwazi, nami nilikuwa nahangaika na uongo. Juu ya hila wanafikihi wa kale hawakupatana. Wahanafi waliziandikia vitabu, Bukhari akatenga kitabu ndani ya Sahihi yake kuzipinga, na sisi Mashafii, ambao ndio wengi huku kwetu, tukakaa tunapokaa siku zote: mkataba ukiwa na sura iliyo sahihi unasimama, nia mwachie Mola. Sijawahi kuona raha na msimamo huo wa madhehebu yangu, ila siwezi kukana kwamba umewafaa wafanyabiashara.

Ila huwezi kuihukumu hila kabla hujajua amri inalinda nini, na amri hii ya cheti ina sababu yake. Mwaka 2004 kilipatikana kirusi kilichoitwa Cabir, cha kwanza kujulikana kikihama chenyewe kutoka simu hadi simu, na njia yake ilikuwa Bluetooth hii hii. Kilishika simu zenye mfumo wa Symbian, za Series 60, Nokia 6600 na wenzake. Kilikuja kama faili la sis. Mwenye simu akikubali kinaingia, kisha kinaanza kutafuta simu nyingine zilizo karibu, na betri inakwisha mwenyewe hajui kwa nini. Symbian toleo la tisa, lililojaa sokoni na simu za mwaka 2006, likaja na sharti. Programu iwe na saini, na ikitaka kugusa mambo nyeti saini yake iwe na cheti cha mdhamini, mdhamini naye awe na wa kumdhamini, hadi ufike kwenye cheti cha asili kilichopandwa ndani ya simu kiwandani. Na kila cheti kiwe na siku ya kufa, kwa sababu ufunguo wa saini ukikaa sana unaweza kuibwa.

Mlolongo huo mtu wa dini haumshangazi. Ni isnadi. Mzee mwenyewe anao wake: Kadiria ilishika Tabora mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya Shehe Zahur bin Muhammad, na muridi anaweza kukutajia ijaza, yaani idhini yake, ilitoka kwa nani, na huyo kwa nani, hadi Baghdad kwa Shehe Abdulkadir Jilani. Wote hao wamekufa na ijaza haikufa nao. Hapo ndipo Nokia na Baghdad wanapoachana njia.

Mji huu, kwa hakika, umezoea maneno yanayofika yamechelewa. Kwihara, nje kidogo ya mjini, Stanley mwaka 1871 aliukuta mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe 1 Novemba 1870. Ulipofika mikononi mwa mwenyewe ilikuwa Ujiji, mwaka mzima tangu tarehe hiyo. Alizifungua akasoma za watoto wake, na kukaa sana kwa tarehe hakukuzifanya zisiwe zao.

Lakini wanazuoni wa hadithi hawakuupuuza muda. Walijua mtu mwaminifu anaweza kuzeeka vibaya. Ata bin Saib wa Kufa alikuwa mpokezi wa kutegemewa, na uzeeni kumbukumbu ikamchanganyikia. Hawakumtupa mzima mzima. Kila aliyesimulia kutoka kwake aliulizwa alimsikia lini. Shuba na Sufyan Thauri walimsikia kabla, mapokezi yao yakakubaliwa. Waliomsikia baadaye wakawekwa kando. Nikilifikiria hilo nakiona kilichopungua ndani ya E63. Swali la haki kwa faili langu ni kama cheti kilikuwa hai siku lilipotiwa saini. Simu haina mahali pa kuliuliza, inaijua leo tu. Ninapourudisha mwaka naipa nafasi ya kuliuliza swali ambalo walioitengeneza hawakuliwekea kitufe. Na mwenye amri ameondoka: tarehe 1 Januari 2014 Nokia waliacha kupokea programu mpya na matoleo mapya ya programu za Symbian dukani mwao. Hata ningetaka cheti kipya, dirisha limefungwa. Watu wa Jumamosi walicheza na amri ya aliyekuwepo na anayeona. Mimi nina amri iliyobaki ndani ya kifaa, aliyeitoa hayupo.

Ndiyo maana kazi zinazofanana kwa mkono siziweki kapu moja. Mpima ardhi mmoja aliniletea Pocket PC mbili. Hizo za Windows zilikuwa na Bluetooth za koo mbili, ya Microsoft wenyewe na ya Widcomm, kampuni iliyonunuliwa na Broadcom mwaka 2004. Redio ni moja na haitumikii mabwana wawili. Ukipandisha programu ya pili lazima uizime ya kwanza. Alitaka niichukue ya Widcomm kwenye kifaa kimoja niihamishie kwenye kingine. Kazi tamu kwa fundi, nakiri. Ila ile ililipiwa na mtengenezaji wa kifaa kwa kifaa chake, na mwenyewe alikuwa bado yupo anauza. Nilimkatalia. Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walipozima simu bandia, walikuja watu wakitaka niwaandikie namba nyingine ya utambulisho wa simu, IMEI. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalihesabu kosa, na hata isingelihesabu, namba ile inasomwa na mtandao na polisi wanaotafuta simu ya mtu iliyoibwa. Hapo wa kudanganywa wapo, tena wengi.

Na tarehe pia, usipoangalia, inafika kwa watu. Simu nyingi za wateja wangu zina programu ya adhana, nayo hupiga hesabu kutoka kwenye kalenda ya simu. Tabora iko magharibi ndani ya ukanda wetu wa saa, kwa hiyo jua halipinduki saa 6 kamili: katikati ya Februari linapinduka kama saa 7 na dakika 3, mwanzoni mwa Novemba kama saa 6 na dakika 32. Simu iliyoachwa Novemba na watu wako Februari itaadhini adhuhuri nusu saa kabla ya wakati, na sala iliyotangulia wakati wake haikusaliwa. Ikiwa ni Ramadhani ni balaa zaidi, mtu atafuturu jua linamtazama. Hapo uongo, kama ni uongo, umeshatoka kwenye simu umemfikia aliyesimama juu ya mkeka wake. Fundi makini hugusa mwaka tu, mwezi na siku akaviacha. Jua halina habari na mwaka.

Simu mpya zimelimaliza suala hili kwa namna yao. Ukizirudisha nyuma, WhatsApp inakwambia tarehe yako si sahihi na haifunguki; saa yenyewe inaletwa na mtandao.

Nilimpelekea mzee hoja ya Ata bin Saib nikiwa na uhakika nayo, hata nikamwagizia kahawa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Shuba alijulikana alisikia lini," akasema. "Faili lako limetiwa saini lini?"

Nikamfungulia maelezo ya cheti kwenye simu yake: halali tangu siku fulani, hadi siku fulani. Akavaa miwani, akasoma herufi zile ndogo bila haraka.

"Huu ni umri wa cheti. Mimi nimeuliza siku ya saini."

Siku ya saini haimo. Mwenye ufunguo wa zamani, ulioibwa, anaweza kukaa leo akatia saini faili la leo, nami nikaurudisha mwaka na kulipokea kwa heshima zote, Cabir akiwa ndani. Sikuwa na la kumjibu kwa siku ile.

Nililo nalo sasa ni mpaka. Chini ya meza yangu kuna kompyuta nzee ya mezani yenye mafaili niliyoyapakua mwenyewe zama zile, vyeti vyake vikiwa hai, nikayaingiza kwenye simu za watu bila kuigusa saa. Hayo nitayarudishia mwaka, mteja akiangalia kioo na akijua ninachofanya, maana huyo ndiye mwenye moyo wa kuamini. Anayekuja na la kwake kwenye flashi, kalitoa asikokujua, namwambia sikulisikia lilipokuwa zima. Wengine wananuna wanaenda kibanda cha jirani.

Mzee aliukubali mpaka huo, nusu. E63 yake ilipohitaji tena programu aliniletea, akasema faili nitoe mimi, lakini mwaka ataurudisha yeye kwa kidole chake, na akimaliza ataurudisha ulipo yeye mwenyewe. Nikamwonyesha pa kubonyeza.